Kitabu cha mwani, huku na kwetu Jambiani

Jamani mie mtu wa Jambiani, Unguja, nipo Uingereza mwaka wa saba sasa, na kuna kitu kimenikaa rohoni. Jumamosi mwenzangu wa kazini kanipeleka kwenye soko la zini, yaani vijitabu watu wanavyojichapia wenyewe, vyengine karatasi moja tu ya A4 inakunjwa inapigwa mkasi kati inatoka kurasa 8, basi meza nzima mambo ya maumbile, kimoja karatasi yake kaitengeneza mwenyewe kwa manyasi, kimoja ukikifungua kinatandazika kama pwani maji yakipwa. Na kimoja cha mwani, picha nyeupe ndani ya buluu. Pauni 18! Nkacheka peke yangu.

Yule dada anaeuza akanambia kazi hii ya zamani, kuna Mwingereza Anna Atkins alianza 1843 kutoa kitabu cha mwani wa kwao, ndo kinahisabiwa kitabu cha mwanzo kuwa na picha za foto. Na kamera hakutumia. Karatasi inapakwa dawa yenye chuma, unalaza mwani juu, unaanika juani, unaosha kwa maji, palipozibwa na mwani panabaki peupe kwengine kote buluu. Kama miaka 10 yumo tu, na jua lenyewe hili la huku la kuombea dua! Letu la saa 6 mchana lingemmalizia kazi mapema.

Sasa huku mtu anauona mwani akenda likizo, anautungia kitabu. Mamkubwa wangu yumo baharini tangu mwani ulipoanza kulimwa kwetu, 1989 hiyo, kila bamvua maji ya kiuno, na anajua kotonii, ule wenye bei, ulianza vipi kufa maji yalipozidi moto, unageuka mweupe unalainika unakatika, kamba inabaki tupu, ikabidi warudi kwenye spinosamu wa bei ya kutupa. Yote yamo kichwani mwake. Watafiti wanakuja wanamhoji, wanaondoka na ripoti ya Kizungu, hata nakala haoni.

Na msinambie umasikini, karatasi moja bei gani? Sie kitabu kwetu ni cha skuli au cha chuoni, chengine hatukihisabu, japo kanga tunazisoma kutwa nzima.

Ila na hawa nisiwasifu sana. Kitabu cha yule dada kisafi mno, hakina harufu ya mwani ulioanikwa wala macho yanayowasha.

Basi nkamtumia mtoto wa dada yangu voisi, nkamfundisha kukunja. Kakaa na bibi yake kachora kurasa zote 8, vigingi, kamba, kotonii anavyokufa. Mamkubwa kakipokea, kavaa miwani, kakiangalia weeee, halafu kasema: "Kamba hii umeifunga vibaya, mwani wote utakwenda na maji."