Hongera za Nini?

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Section 58, Nakuru, jirani mmoja alituma picha ya jedwali. Mmarekani mmoja kwa mwaka, tani 14 hivi za kaboni dioksidi. Mchina, 8. Mkenya hafikishi hata nusu tani. Chini yake bendera tatu na maneno "Hongera Wakenya, tunatunza mazingira!" Watu wazima, wengine walimu, wakapiga makofi.

Hongera za nini? Hatujatunza kitu. Hatuna pesa.

Hesabu yenyewe ya kaboni, Mjapani Yoichi Kaya aliipanga zamani: watu wangapi, kila mmoja ana kipato gani, kila shilingi ya kipato inakula nishati kiasi gani, na nishati hiyo ina kaboni kiasi gani. Zidisha. Watu tunao, zaidi ya milioni 50. Kipato ndicho hakuna. Mtu asiye na gari, friji wala kazi ya kiwandani atachafua hewa kwa nini? Mwaka 2020 dunia ilipofungiwa ndani na korona, kaboni ilishuka kwa takriban asilimia 5, na sikumwona mtu akiutamani uchumi ule. Uingereza nayo ilifunga kituo chake cha mwisho cha makaa ya mawe 2024. Pesa ilikuwa nazo, na nguo zake zinashonwa Bangladesh, moshi ukibaki huko.

Haya, nakubali kwa shingo upande: stima yetu ni safi. Karibu asilimia 90 inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wenyewe ni wa kaunti yetu, Olkaria kule Naivasha tangu 1981 na sasa Menengai, ambako kituo cha megawati 35 kilianza 2023. Lakini shuka mtaa wa Shabab saa kumi alfajiri. Mama anayetukaangia mandazi anapepea jiko kwa kifuniko cha ndoo, jicho moja kalifumba kwa moshi, mkebe wa kwanza wa makaa umeshaisha na wa pili anauchota kwa kubania. Kwake kuna stima. Ya taa na ya kuchaji simu. Tokeni ya shilingi 100 ni uniti za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, maana juu ya bei kuna gharama ya mafuta, ya dola, ushuru wa huyu na wa yule, halafu VAT.

Na makaa yake hayamo kwenye lile jedwali! Majedwali ya namna ile huhesabu petroli, dizeli, makaa ya mawe, gesi na saruji. Moshi wa mti unaandikwa kwenye daftari la misitu, ukibahatika kuandikwa. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya nyumba za nchi hii zinapikia kuni, na zaidi ya moja katika kila kumi makaa. Kwenye tanuri la udongo, kilo kumi za kuni hutoa kilo moja au mbili za makaa. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti msituni; gunia likapanda bei, na watu wakaendelea kununua, kwa mkebe. Gesi je? Julai 2021 ikatwikwa VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa. Mtu amejikakamua akanunua mtungi, serikali ikamtoza kodi mpaka akausukuma chini ya kitanda na kurudia jiko la makaa.

(Ndiyo, gesi nayo inatoka kwenye mafuta. Najua. Na ng'ombe wetu wana methani yao. Siku nyingine.)

Kinachoniuma hasa ni usiku. Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kama bomba la jikoni. Watu wakilala matumizi yanashuka, na mvuke unaachiliwa hewani bure. Huku magharibi, ndugu zetu wa Kisumu waliletewa turbini ya megawati 30 kutoka Embakasi hadi Muhoroni mwaka 2016, ichome mafuta, kwa sababu nyaya za kuwafikishia stima ya kutosha hazikuwepo. Mvuke ukamwagwa Naivasha, mafuta yakachomwa Muhoroni.

Viwanda viliwekewa nusu bei ya usiku tangu 2017, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mita ya nyumbani haina bei hiyo. Mama wa mandazi anaamka saa ileile mvuke unapokosa mnunuzi, na hakuna aliyemfikiria. Wataniambia hana pesa ya jiko la umeme. Ya makaa anaitoa kila siku ya Mungu. Kenya Power, mkopesheni jiko, mumkate kidogo kidogo kwenye tokeni, kama mnavyomkata kwa kila kitu kingine.