Kifo cha Juan Borgia: ushahidi dhidi ya Cesare ni mwembamba

Ukitaja mauaji ya Juan Borgia, wengi watakujibu papo hapo kwamba aliuawa na ndugu yake Cesare. Jibu hilo limezoeleka hadi watu hawarudi tena kwenye ushahidi.

Usiku wa 14 Juni 1497, Juan, mwana wa Papa Alexander VI na jemadari wa jeshi la Kanisa, alikula na Cesare kwenye shamba la mizabibu la mama yao Vannozza, mjini Roma. Wakati wa kurudi aliaga, akaondoka na mtu aliyeficha uso. Tarehe 16 mwili wake uliopolewa mto Tiber ukiwa na majeraha tisa, koo limekatwa. Dukati 30, sarafu za dhahabu, zilikuwa bado kibindoni, kwa hiyo si kazi ya wezi.

Muuza mbao aliyekuwa akilinda shehena yake ukingoni alieleza alichokiona: wanaume wawili walitokea kichochoroni, wakaangaza huku na huku, wakarudi, kisha wengine wawili wakafanya vivyo hivyo. Ndipo akaja mtu juu ya farasi mweupe, maiti imening'inia nyuma yake. Walipoitupa majini joho likaelea, wakalipiga mawe mpaka likazama. Alipoulizwa mbona hakutoa taarifa, alijibu kwamba ameona maiti kama mia moja zikitupwa pale, na hakuna aliyewahi kujali.

Wanaomshutumu Cesare wana hoja. Mwaka uliofuata alivua ukardinali akashika njia ya upanga, nafasi ambayo Juan angeendelea kuikalia. Na ukatili wake wa baadaye haukanushiki: Desemba 1502 aliwaita makapteni wake Senigallia kwa maneno ya suluhu, akawanyonga.

Lakini matendo ya 1502 hayathibitishi kosa la 1497. Kinachonisumbua zaidi ni ule ukimya wa miezi minane. Roma ilikuwa imejaa mabalozi waliolipwa kuokota kila uvumi, na maadui wa Borgia hawakukosa ulimi. Zilitajwa koo kubwa za Italia, akina Sforza na akina Orsini, akatajwa hata Jofre, mdogo wao Juan na Cesare. Tuhuma dhidi ya Cesare ilijitokeza Februari 1498, tena kutoka Venisi, ambako Orsini walikuwa na marafiki. Uvumi mtamu namna hiyo ungekaaje kimya muda wote huo kama ungekuwa na mizizi? Na mali ya Juan je? Uduki wake wa Gandía, huko Uhispania, ulirithiwa na mwanawe mchanga, si Cesare.

Orsini, kwa upande wao, walikuwa na kisasi kibichi. Juan ndiye aliyetumwa kuwanyang'anya ngome zao, na Januari ya mwaka uleule mkuu wa ukoo, Virginio, alifia kifungoni Napoli. Wengi waliamini amelishwa sumu.

Papa alisitisha upelelezi mapema, na wapo wanaosema ni kwa sababu alimgundua mwanawe mwenyewe. Mimi naona sababu iliyo karibu zaidi. Jeshi lake lilikuwa limeshindwa na Orsini kule Soriano miezi mitano tu kabla, na hakuwa na nguvu za vita vingine. Mbele ya makardinali, tarehe 19 Juni, aliwasafisha kwa majina Jofre, mkwewe Giovanni Sforza na Duki wa Urbino. Orsini hakuwataja.