Mama Alipofua Pensheni ya Mwenye Nyumba

Mama alitua Chicago kuja kunilea uzazi, na begi lake moja zima lilikuwa la pilipili manga, hiliki na mbuzi ya kukunia nazi ambayo maofisa wa forodha waliizunguka kwa muda wakijiuliza inamuumiza nani. Mama ni mtu wa Tanga, ameuza mitumba ya watoto Ngamiani tangu mimi sijaanza shule, na kukaa bure hajui. Alipomaliza kusafisha kila kitu chetu kilichosafishika, akashuka chumba cha chini ya ardhi.

Huko ndiko kulikokuwa na mashine ya kufulia. Na huko ndiko mwenye nyumba wetu, bibi mmoja wa Kimarekani, mjane, aliyekaa juu yetu, alikokuwa ameweka uzee wake: makasha matatu makubwa ya plastiki yaliyojaa Beanie Babies. Sharti la kutoyagusa lilikuwa kwenye mkataba wa nyumba, kwa Kiingereza. Mama hakusaini mkataba.

Kwa msiowajua, Beanie Babies ni wadoli wadogo wa kitambaa laini, tumboni wamejazwa chembechembe za plastiki, ndiyo maana ukimkalisha mmoja anajilegeza. Aliyewabuni ni Ty Warner, mwaka 1993, na kampuni yake iko viungani mwa Chicago, si mbali na tulipokuwa tukiishi. Dukani mdoli aliuzwa kama dola 5 hivi. Ujanja ulikuwa kwenye kuwabania wanunuzi: duka linapewa wachache, kisha kampuni inatangaza kwamba mdoli fulani hatengenezwi tena. Wamarekani wakapagawa, wakiamini bei itapanda. Mwaka 1997 McDonald's walipowatoa wadogo zaidi pamoja na vyakula vya watoto, watu wazima walinunua chakula, wakachukua mdoli na kukiacha chakula. Mwaka 1999 huko Las Vegas wanandoa waliokuwa wametalikiana walichuchumaa sakafuni mahakamani, mbele ya jaji, wakigawana wadoli wao mmoja mmoja. Bibi alinisimulia hilo bila kucheka. Kwake ilikuwa kesi ya mali, kama kugawana mashamba.

Na mali yenyewe ilikuwa kwenye kikaratasi. Kila mdoli ana kikaratasi chekundu chenye umbo la moyo, kimening'inizwa sikioni kwa uzi wa plastiki. Kikiwepo bila mkunjo, una mali. Kikitoka, una mdoli.

Siku hiyo nilikuwa nimelala na mtoto. Nikashtuliwa na ukelele uani. Kuchungulia dirishani, kamba imefungwa kutoka mti hadi uzio, na wadoli zaidi ya mia mbili wamebanwa kwa vibanio, dubu masikio, pweza mikono, wote wanachuruzika maji. Chini ya kamba kasimama Mama, kanga imelowa, uso umejaa furaha ya kazi iliyokamilika.

"Nimewafua wote, mwanangu. Vumbi la miaka! Na yale makaratasi mtoto angeyameza, nimeyakata."

Bibi alikuwa ameushika uzio kwa mikono miwili. Akashuka taratibu, akaketi kwenye majani. Mama akatupa kibanio. "Lete maji ya sukari, upesi, presha imemshuka!" Akaanza kumpepea kwa ncha ya kanga, huku bibi akinyoosha kidole kwa dubu mmoja wa zambarau. Huyo anaitwa Princess, alitolewa 1997 kumkumbuka Diana, na mtandaoni wapo wanaoomba maelfu ya dola kwa ajili yake. Alikuwa amening'inia kwa mguu.

Nilitafsiri nilivyoweza. Mama akasikiliza, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Vikaratasi vyote vilikuwemo. Mwuza mitumba hatupi kitu.

Usiku ule tulikaa mezani watatu. Ndani ya kikaratasi, kwa kawaida, kuna jina la mdoli, tarehe yake ya kuzaliwa na shairi fupi. Bibi alisoma, mimi nikamtafuta mhusika, Mama akangoja na sindano. Ikafika mahali Mama akaniuliza kama huku Marekani mtu akipoteza cheti cha kuzaliwa ndiyo amekosa na urithi. Sikutafsiri. Tulipogundua kwamba kamba-mti amekwisha shonewa cheti cha chura, bibi akasema basi, inatosha, tukalale.

Mnunuzi alikuwa ameshaitwa zamani, kwa sababu bibi alitaka kuhamia Florida. Akaja, mwanamume wa duka la vitu vya kale, akafunua makasha, hakugusa hata sikio moja.

"Dola 30. Wote."

Bibi akaanza kumweleza ajali ya vikaratasi. Yule bwana akasema hata vingekuwepo bei ni ile ile. Nchi nzima iliwatunza, kila mtu na kasha lake chini ya nyumba, hakuna aliyetupa. Sasa nani amnunulie nani? Anaotafuta ni wale wachache wa mwanzo kabisa, na humu hawamo. Na zile bei za maelfu mtandaoni ni za kuomba, tazameni waliouzwa kweli. Bibi akapanda juu, akarudi na kitabu cha bei cha miaka ile, chenye hata makadirio ya miaka kumi mbele. Mnunuzi akakipokea kwa heshima, akasema anacho nyumbani.

"Anasemaje?" Mama akaniuliza.

"Dola 30."

"Belo zima? Lililofuliwa?" Akalifunika kasha kwa kishindo. "Mwambie aende salama. Hii ni gredi ya kwanza."

Jumamosi Mama alitandika kanga mbele ya nyumba. Akawapanga: dubu huku, mbwa kule, wa baharini pembeni. Kiingereza chake chote kilikuwa namba na neno "safi", na kilitosha. Kina mama wenye watoto walisimama, wakanusa wadoli, wakachukua wawiliwawili. Dola mbili. Bibi alianza siku akiwa amenuna kwenye kiti chake. Kufika adhuhuri yeye ndiye aliyekuwa anakataa kupunguza bei, fedha zikiwa kwenye mfuko wa aproni.

Jioni akapita bwana mmoja, akamgeuzageuza simba, akauliza kikaratasi chake kiko wapi. Mama akamsogezea kopo. Senti 50 kimoja, na achague jina alipendalo.