Nilivyozoa watoto wa watu kwenye ndoo

Bibi yangu alikuwa na ugomvi wa kudumu na maji yaliyotuama. Kifuu, kopo, tairi bovu, chochote kilichokinga mvua uani kilipinduliwa, na aliyekiacha alisikia ya moyoni. "Hamvioni viluwiluwi hivyo?" Nikakua nikijua kiluwiluwi ni mbu ambaye hajaota mabawa. Kwamba neno hilohilo ni la mtoto wa chura nililisoma shuleni, nikajibia mtihani, nikalisahau.

Miaka ikapita, nikajikuta msituni Costa Rica, upande wa Karibi, wiki yangu ya kwanza ya kujitolea kwenye kambi ya watafiti. Nimetumwa kufyeka njia. Njiani nakuta vikombe vya plastiki vimefungwa kwenye mashina ya miti, vimejaa maji, na ndani ya kila kimoja kuna kidude cheusi kinatingisha mkia.

Watalii hawa, nikasema.

Nilivikusanya kumi na tisa. Maji yote nikayamimina kwenye ndoo moja na vidude vyake. Ningeweza kumwaga palepale, lakini nilitaka bosi aone nimewaokoa na dengi kiasi gani. Nilirudi kambini napiga mluzi.

Bosi wetu alikuwa mama wa makamo, mtafiti, tukimwita Doña. Watu wa kule wana neno lao, pura vida, halina mahali lisipoingia: ukisalimiwa pura vida, ukishukuru pura vida, ukimwaga kahawa pia pura vida. Doña alichungulia ndoo, akanyamaza.

"Muchacho," alisema baadaye, taratibu mno, "yupi ametoka kikombe kipi?"

Chura mwenyewe nilikuwa nikimwona kila siku. Urefu wake kama sentimita mbili, ukimweka kwenye ukucha wa dole gumba anakaribia kuumaliza. Mwekundu mwili mzima, miguu ya bluu, utadhani kavaa jinzi. Oscar Schmidt alipompa jina la kisayansi mwaka 1857 alimwita pumilio, yaani kibete. Kutwa dume anakaa juu ya gogo akilia kama mdudu, na dume mwenzake akisogea wanasimama kwa miguu ya nyuma na kupigana mieleka. Hayo nilishayaona. Mambo ya ndani ya nyumba ndiyo sikuyajua, nikasomeshwa siku hiyo nimesimama na ndoo mkononi.

Jike hutaga mayai machache chini, kwenye majani makavu. Baba huyalinda yasikauke, na namna yake ya kuyalowanisha, tuseme tu ukweli, ni kuyakojolea. Yakianguliwa, mama anachuchumaa, mtoto anampanda mgongoni, wanaanza safari ya kukwea mti. Juu kuna mimea ya ukoo wa nanasi iliyoota kwenye matawi, majani yake yanakinga maji. Kila mtoto anapewa kidimbwi chake peke yake. Kisha kwa mwezi na nusu hivi mama anazunguka, kila baada ya siku chache, akimtagia kila mmoja mayai yasiyo na mbegu ili ale. Chakula kingine hakimfai. Vikombe vya Doña vilikuwa badala ya hayo majani.

Kwa hiyo ndani ya ndoo yangu kulikuwa na watoto kumi na tisa waliopotezewa anwani.

"Tuwaulize majina ya mama zao," nikatania. Hakuna aliyecheka.

"Una bahati," Doña akasema. "Mama hamjui mwanawe kwa sura. Anajua pale alipomweka. Mtoto yeyote ukimweka pale, atamlisha. Wa kwake ukimhamishia pembeni, hana habari naye." Akafunga daftari lake la vipimo vya wiki tano. "Wao watapona. Hili ndilo limekufa."

Jioni nzima nilizunguka na kijiko, mtoto mmoja kikombe kimoja, nikitafuta alama za kamba kwenye magome. Mti wa kumi na nne ulikuwa na alama pande mbili. Nikabahatisha.

Alfajiri nikatumwa nikakae mbele ya mti huohuo, nisitikisike. Kilichotikisika ni suruali yangu, maana nilikalia njia ya sisimizi. Chura huyu sumu yake haizaliwi naye, anaipata kwa kula sisimizi na utitiri. Walipofika pajani nikaona wanachangia kitu halisi.

Saa tatu hivi akaja. Akapanda shina kwa vituo, akafika kwenye alama ya kamba, akakuta gome tupu. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akarudi palepale. Kikombe kipo upande wa pili wa shina! Nilitamani kumwonyesha kwa kidole. Alipoteremka nikaruka, nikafungua kamba, nikakihamisha, nikarudi kwa sisimizi wangu.

Mchana mzima hakuna kitu. Kesho yake akatokea, akakaa ukingoni mwa kikombe, akachungulia. Mle ndani kiluwiluwi akakakamaa na kuanza kutetemeka mwili mzima, kama simu iliyoondolewa mlio. Mama akageuka, akashusha makalio majini.

Nikageuka nyuma. Doña alikuwa amesimama na kikombe cha kahawa, sijui tangu saa ngapi.

"Pura vida," nikamwambia.

"Bado kumi na nane," akajibu.