Silaha Iliyoonyeshwa Tu: Je, Sheria Imkamate Nani?

Kifungu cha 417 cha Sheria ya Jinai ya jimbo la California, Marekani, kinamtia hatiani anayechomoa au kuonyesha silaha mbele ya mwenzake kwa ufidhuli, hasira au vitisho, isipokuwa awe anajihami. Bunduki iwe na risasi au tupu, kosa ni lile lile, na kifungo hakipungui miezi 3.

Msingi wake nauunga mkono. Aliyeelekezewa bastola hana namna ya kujua kama ina risasi. Hofu inayomshika ni madhara tosha, na huenda ikamfanya naye achomoe yake. Kusubiri damu imwagike ndipo dola iingilie kati ni kumtelekeza.

Kinachonisumbua ni hayo maneno "ufidhuli" na "hasira". Mtu aliyetishika naye huonekana ana hasira: sauti inapanda, mkono unatetemeka. Ushahidi mara nyingi ni neno la huyu dhidi ya la yule, na aliyetangulia kuwapigia polisi ndiye anayeandikwa mlalamikaji. Chukua mtu aliyechomoa bastola ili kuwazuia waliotaka kumvamia, nao wakatimua mbio. Hakuna aliyeumia. Lakini waliokimbia wameondoka na ushahidi wake, naye kabaki na kesi.

Florida ilionja uchungu huu. Mwaka 2012 mama mmoja wa Jacksonville alifungwa miaka 20 kwa kufyatua risasi moja wakati wa ugomvi na mumewe, haikumjeruhi yeyote. Alidai alikuwa akijihami, hakuaminiwa, na hakimu alibanwa na kima cha chini cha adhabu. Hukumu ilitenguliwa baadaye. Mwaka 2014 jimbo likapanua kinga ya kujihami imfikie waziwazi hata anayetishia tu. Kabla ya hapo, aliyetumia nguvu alikuwa na kinga iliyo bayana kuliko aliyejizuia asiitumie!

Wapo wanaohofia kwamba ukilegeza, kila mgomvi wa barabarani atadai alikuwa akijihami. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Jimbo la Michigan limejaribu kubana tafsiri ya kosa hili kwa kudai nia ya kumtia mtu hofu, ila anayejihami naye anataka adui aogope. Nia peke yake haiwatenganishi.

Ndiyo maana ningeliacha kosa libaki, nikafuta vima vya chini, ili hakimu aweze kumtofautisha mwanamke aliyeshika bastola mlangoni pake na dereva aliyeipunga kwa kuwa amepitwa.