Mdandiaji ana nauli, chawa hana

Kila klabu ya wanafunzi hapa Tabora, iwe ya wanaolala bweni au ya waliopanga vyumba Isevya na Ng'ambo, ina watu wake wa pembeni. Hawana kadi na majina yao hayamo kwenye daftari la mweka hazina, lakini siku ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza utawakuta wako karibu na sufuria la pilau kuliko katibu mwenyewe. Wamebandikwa majina chungu nzima. Wapo wanaosema majina hayo ni utani tu, wengine wanasema ni matusi yaliyovalishwa kicheko.

Tumchukue mdandiaji. Hapa kwetu neno hili halihitaji tafsiri. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na ilipofika Mwanza mwaka 1928 mji huu ukawa njia panda. Kudandia ni kurukia chombo kilicho kwenye mwendo, mara nyingi bila tiketi. Mzamiaji ni nduguye, ila yeye asili yake ni bandarini: vijana walizamia meli kwenda kutafuta maisha, siku hizi watu wanazamia harusi. Msindikizaji ndiye mpole kuliko wote, amekuja kwa sababu rafiki yake amekuja.

Halafu kuna kundi la wadudu: chawa, kupe, kunguni. Kupe si neno la vijana hata kidogo. Wazee wetu walilisikia enzi za Ujamaa, pamoja na mirija, likimpiga mnyonyaji anayekula jasho la wengine. Chawa amepanda chati juzijuzi tu, akitokea kwa waandamani wanaojipendekeza kwa wasanii na wanasiasa, na ajabu ni kwamba wapo wanaojiita hivyo wenyewe kwa majivuno.

Wanaoyatetea majina haya wana hoja, na tusiwabeze. Klabu ya chuo haina ruzuku, inaishi kwa mchango wa muhula. Mbuzi wa sherehe amenunuliwa na waliojinyima, na asiyechanga akila mapaja mawili, kuna aliyechanga atakayelamba mchuzi. Kumfukuza mtu hadharani ni aibu kwa pande zote mbili. Jina linafanya kazi ya bawabu bila ugomvi: ukiitwa mdandiaji mara tatu, ya nne utakuja na chochote mkononi. Nimeona likifanya kazi hiyo, tena vizuri.

Wanaoyapinga wanaanzia kwenye mfuko. Mwenye bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, na asiye na bumu wanakaa darasa moja, na anayeitwa kupe mara nyingi si mlafi, hana tu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini kwangu iliyo nzito zaidi ni ya utani wenyewe. Utani una masharti, na Wanyamwezi wanayajua tangu enzi za misafara, walipotaniana na Wazaramo na watu wengine wa njia ya pwani. Mtani akikuchapa, nawe unamchapa, na hakuna wa kukasirika. Sasa mtu wa pembeni atamchapa nani? Anataka kupokewa, kwa hiyo anacheka na wenzake jina lake mwenyewe likichekwa. Hapo mmoja anatania na mwingine anavumilia tu.

Ndiyo maana nayagawa majina haya mafungu mawili. Mdandiaji, mzamiaji na msindikizaji yametokana na vitenzi: yanataja alichofanya mtu, na alichofanya anaweza kukiacha kesho. Mdandiaji akilipa nauli ni abiria kama wewe. Chawa akilipa anakuwa nani? Ni chawa aliyelipa. Jina la mdudu linataja asili, na asili haina risiti.

Mgawanyo huu una tundu, nakiri. Mamluki si mdudu, lakini linauma kuliko kunguni. Kwenye mashindano ya vyuo ni yule aliyevalishwa jezi ilhali si mwanafunzi, na akigundulika timu nzima inaweza kupokwa ushindi. Ila huyo hakujileta, viongozi wa timu ndio waliomwita, kisha mambo yakiharibika jina linabaki kwake peke yake.

Na kama lazima tumtafute mdudu, nashangaa mji wa asali kama huu, wenye chuo chake cha nyuki, umekwenda kuazima chawa. Nyuki dume yupo. Hachumi, hana hata mwiba, analishwa na vibarua, na chakula kikiadimika anatolewa nje ya mzinga. Lakini bila yeye malkia hana wa kupandana naye, na mzinga unakwisha. Watu wa pembeni wengi ninaowajua ndivyo walivyo. Hawachangi, ila ndio wanaobeba viti alfajiri na kujaza jukwaa timu ikicheza ugenini, wenye kadi wakiwa wamelala.

Muhula uliopita nilimsikia katibu mmoja akimtambulisha kijana wa namna hiyo kwa wageni: "Huyu ni mdandiaji wetu." Nililiangalia hilo "wetu" kwa muda. Kijana alikuwa amebeba madumu mawili ya maji, akayatua chini, akamjibu papo hapo: "Tulia, kaka katibu. Nauli naishushia stesheni ya Kaliua."