Walikuja siku ya maji mafu

Mwaka jana walikuja vijana na tableti zao kwa shangazi yangu kule kusini Unguja, utafiti wa bahari na maendeleo endelevu, lile lengo namba 14 la Umoja wa Mataifa. Wakamuuliza, bibi unafanya kazi gani? Akajibu, mie sina kazi, nipo tu nyumbani. Ikaingia hivyo hivyo. Khaa! Mama wa watu anachokoa pweza tangu mie sijazaliwa, skuli nimesomeshwa na hao hao pweza, ila yeye anajua kazi ni ya ofisini, pwani mtu anakwenda tu. Wangemuuliza jana mchuzi mmeupata wapi jibu lingekuwa jengine kabisa.

Na si swali peke yake, siku walokuja ilikuwa maji mafu, bahari haipwi sana. Wa pwani mshanielewa hapo. Wanawake wanaingia mwambani bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapwa mpaka kulee, siku nyengine maji hayaondoki, utachokoa nini? Basi wakakuta kina mama wanasuka makuti, wakaona mvuvi hapa ni mwanamme mwenye chombo. Na diko nalo, pale vyombo vinaposhusha samaki, hesabu inafuata chombo, ngarawa ngapi zimefika, kilo ngapi, sasa pweza watatu kwenye kikapu walonunuliwa njiani na mchuuzi au wameingia jikoni moja kwa moja, hao hawapo popote.

Halafu inatoka ripoti, wavuvi wapewe boti. Boti! Shangazi aifanyie nini? Na mwamba ukifungwa, watu wasivue kwa miezi ili pweza wakue, kama walivofanya Kisiwa Panza kule Pemba (na pweza anakua haraka kweli, sipingi), anolala bila kitoweo ile miezi ya kungoja ni yule asokuwemo kwenye hesabu.

Tazama mwani. Habari za wanawake wa Paje na Jambiani zinajulikana, kotonii, mwani wa bei nzuri, inakufa maji yakipata moto, wanabaki na spinosamu, aina nyengine ya bei ndogo. Mwani unauzwa nje, kuna mnunuzi na mizani yake, ndo ukaandikwa. Pweza wa kikapuni nani ampime?

Najua watu wa takwimu watasema hela haitoshi kuweka mtu pwani kila bamvua. Sawa. Basi andikeni hata mlikuja mwezi wa mbinguni una siku ngapi, maana ripoti zote nlizoshika mie tarehe ya kizungu ipo, ya mwezi haipo.